Mnaoanza kazi ghalani, sistimu inajua kile ulichoskani tu

Wadogo zangu mnaoingia kazi za stoo na ghala, najua wengi mmeona zile video za roboti zinabeba rafu zima mpaka alipo mfanyakazi anayetoa bidhaa, teknolojia ambayo Amazon waliipata 2012 walipoinunua Kiva Systems kwa dola milioni 775. Zinapendeza kweli, ila roboti haijui imebeba sabuni au vitabu, inapewa amri tu na amri inatoka kwenye sistimu ya ghala, yaani programu ya kompyuta inayotunza kumbukumbu za mzigo, na sistimu nayo inajua kile mlichoskani nyie.

Sasa ukipokea mzigo skani katoni, halafu skani lebo ya rafu unapoiweka, palepale, sio unapanga paleti zote kwanza ndo ukae jioni uingize kwa kukumbuka. Sistimu ikiamini nafasi ni tupu itatuma mzigo mwingine uje kukaa hapo. Mtu wa foklifti ataona pamejaa atatafuta pengine, lakini kreni ya otomatiki, ile inayopanga mzigo kwenye rafu bila dereva, inasimama na kila kilicho nyuma yake kinasubiri.

Kinachotesa zaidi ni vipimo jamani. Katoni ina pisi 24, aliyesajili bidhaa kaandika pisi 1, mkapokea katoni 10, sistimu inaona pisi 10 badala ya 240, wateja wanaambiwa mzigo umeisha na nyie mnaupita hapo kila siku. Uzito nao hivyohivyo, kwenye mkanda unaosafirisha maboksi kuna mzani unaolinganisha boksi na uzito uliosajiliwa, ukikosewa hata boksi sahihi linasukumwa pembeni likakaguliwe kwa mkono. Kwa hiyo bidhaa mpya ikija ipime mwenyewe, usinakili kutoka kwenye invoisi.

Kwa dawa na vyakula angalia barkodi za GS1, yaani zinazofuata viwango vya kimataifa, namba inayofuata baada ya 17 iliyo kwenye mabano ndo tarehe ya kuisha muda, inaanza mwaka, mwezi, siku, kwahiyo 270305 ni tarehe 5 Machi 2027, ukiisoma kinyume mzigo unaotakiwa kutoka kwanza utabaki ndani mpaka uharibike.

Na hesabu ya rafu isipolingana usirekebishe kimyakimya, fungua historia ya ile bidhaa uone nani aliigusa mwisho na ilitoka wapi, mara nyingi iko rafu ya jirani.

Kama kwenu bado ni daftari na Excel, chukua Odoo Community, programu ya kusimamia biashara, ni bure na ina sehemu ya stoku, tengeneza ghala la mazoezi la rafu chache upokee, uhamishe na utoe mzigo humo.