Jibu: Timu inanyamaza kwenye kikao cha kuibua dhana kabla ya utafiti

Habari ndugu. Umesema kwenye kikao cha kuibua dhana, yaani mambo mnayoyaamini kuhusu watumiaji wa bidhaa au huduma yenu bila kuyathibitisha, ukiuliza "tunadhani nini kuhusu watumiaji?" timu inanyamaza, kisha bosi anaongea peke yake. Kwanza angalia swali lenyewe, ni pana mno. Mimi huwapa karatasi, kila mtu anaandika kimya kimya kwa dakika 10 akimalizia sentensi hii: "Mpango wetu utafaulu iwapo tu watumiaji..." Bosi asome sentensi zake mwisho, hapo usilegeze kabisa. Kisha zibandikeni ukutani na kuzipima: dhana hii ikiwa si kweli tutaumia kiasi gani, na tuna ushahidi gani? Zenye madhara makubwa na ushahidi haba ndizo ziwe maswali ya utafiti. Akitokea wa kusema "hilo kila mtu analijua", mwulize amelisikia kwa mtumiaji yupi, na lini.