Rejeta ya jenereta Nyali: mapezi yaliyobanana zaidi yatasaidia?

Ndugu yangu, umeuliza kama rejeta yenye mapezi (vibati vyembamba vinavyotoa joto) ya mawimbi yaliyobanana zaidi itapoza jenereta yako hapo Nyali, Mombasa. Usiharakishe kununua. Kikwazo kikubwa cha kutoa joto kiko upande wa hewa, si wa maji. Mawimbi ya mapezi huigeuzageuza hewa, ule utando wa joto unaoganda kwenye bati ukavunjika. Lakini feni nayo huelemewa. Ukibana nafasi kati ya mapezi kutoka milimita 3 hadi 1.5, chumvi na vumbi hujaa upesi, hewa ikapungua. Kwanza osha, injini ikiwa imepoa, kwa maji baridi yasiyo na chumvi (visima vingi vya pwani vina chumvi), ukisukuma kinyume cha mkondo wa hewa. Presha kali hulaza mapezi. Kisha ziba mianya ya pembeni mwa rejeta kwa raba, hewa isiikwepe. Hewa hukimbilia penye wepesi.