Anga Jeupe Lilinilia Filamu Sita

Juzi picha yangu imetundikwa ukutani kwenye maonyesho madogo ya mtaani kwetu, hapa Chicago. Ni majengo mawili ya katikati ya jiji yaliyolaliana ndani ya fremu moja, maana nimepiga mara mbili juu ya kipande kilekile cha filamu, madirisha ya hili yanapita tumboni mwa lile. Nilisimama karibu nikijifanya mpita njia, nisikie watu wanasemaje. (Ndiyo, na siku ya pili nilirudi.)

Miaka mitatu nyuma, mwalimu wangu wa darasa la jioni aliishika picha ya namna hiyo kwa ncha za vidole, akawauliza wenzangu: "Huyu kasahau kusogeza filamu hadi fremu inayofuata?" Wakacheka. Nikacheka nao, halafu nikapanda treni nikalia.

Aliyeniinua, kwa picha zake, ni mpiga picha Harry Callahan. Jamaa wa Detroit, mfanyakazi wa Chrysler, alianza kupiga picha mwaka 1938 akijifundisha mwenyewe, na 1946 akachukuliwa kufundisha Institute of Design, shule iliyoanzishwa na msanii Moholy-Nagy hapahapa Chicago. Alipiga mara mbili, mara tatu, juu ya fremu ileile, mitaa ikarundikana. Mwanafunzi wake Ray Metzker naye, ilipofika 1964, alikuwa akiifanya filamu nzima kuwa picha moja. Nao walisahau kusogeza?

Sasa wewe uliyeniandikia kwamba picha zako za kupiga mara mbili zinatoka nyeupe tupu. Mimi nilimaliza filamu sita kwa kosa hilo: kila nikiona ghorofa, nainua kamera juu. Anga jeupe likishaipiga filamu, pale pameungua, hata ulete jengo gani halishiki. Jengo la pili hukaa kwenye giza la jengo la kwanza. Kwa hiyo tafuta kivuli. Kama filamu ni ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) na unataka kupiga mara mbili, iwekee kamera 200, ili kila pigo lipate nusu ya mwanga. Mara nne, 400. Kisha tafuta kivuli. Nimeshasema? Narudia, maana vijana mnakimbilia kununua lenzi, na jua linaangukia upande gani wa mtaa hamjui. Amkeni mapema! Simameni kona moja saa nzima. Na msingoje mwalimu akubali ndipo mpige, mtazeeka.

Yule wa kwangu nilimpelekea kadi ya mwaliko, kwa mkono wangu. Hakuja.