Fomu ya kuchangia damu inafunguliwa lakini haijazwi: tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu hapa Tanzania, tunahamasisha uchangiaji damu. Fomu yetu ya kujiandikisha inafunguliwa na wengi, wanaofika mwisho ni wachache. Tulituma dodoso kwenye magrupu ya WhatsApp, karibu wote wakajibu "iko poa". Tufanye utafiti gani?

JIBU: Salama, na hongereni kwa kazi hiyo. Dodoso limewapa maneno ya wenzenu wasiotaka kuwavunja moyo. Mnachohitaji ni kumwona mtu akijaza. Tafuteni wanafunzi watano wa vitivo tofauti ambao hawajawahi kuiona fomu. Kila mmoja dakika 20, kwa simu yake na bando lake. Kwenye kompyuta yenu yenye intaneti ya chuo, ukurasa mzito hautajulikana.

Mpeni kazi, si maelekezo: "Unataka kuchangia damu Alhamisi, una nafasi kati ya saa nne na saa sita. Jiandikishe." Kama kitufe kimeandikwa "Weka miadi", neno miadi msilitaje, maana mtakuwa mmemwonyesha njia. Mwombeni aseme kwa sauti anachowaza. Mmoja wenu aongoze, mwingine aandike alipokwama, alichobonyeza na alichosema. Akikwama, nyamazeni. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani kumwona mwenzako akihangaika kunauma na mkono huenda wenyewe kwenye simu yake. Kimya kikizidi, muulizeni tu, "Sasa unatafuta nini?"

Itazameni sana sehemu ya namba ya usajili. Fomu ikipokea tarakimu tupu na namba ina vistari, mwanafunzi ataiandika kama ilivyo kwenye kitambulisho, atakataliwa kwa maandishi mekundu yasiyotaja kosa, atafunga.

Maswali ya uzito na magonjwa yajazwe kwa taarifa za kubuni. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jaribio halizihitaji.

Kwa hesabu ya mwaka 2000 ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, watu watano huibua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji. Ushauri wake ni kurekebisha, kisha kurudia na watano wengine. Wanafunzi wasioona, wanaosomewa skrini na simu, watafuteni wawili watatu kando, kwani vikwazo vyao ni vingine kabisa. Kwenye ripoti andikeni "wanne kati ya watano", msiandike asilimia 80: kwa watu wachache hivi, asilimia inadanganya.