Jibu: Baraza la wazee limemezwa na vikao vya ujenzi
Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Unasema baraza lenu la wazee wa kanisa linakaa saa nne nzima kujadili kamati na ujenzi, huku wagonjwa hawatembelewi. Kwanza fungua kitabu cha mihtasari, vikao vitatu vya mwisho, uhesabu majina ya waumini yaliyotajwa nje ya michango. Usharikani kwetu tulikuta jina moja, tena la marehemu! Tukafanya taarifa za jumuiya (vikundi vidogo vya waumini mitaani) kuwa ajenda ya kwanza: nani anaumwa, nani kafiwa, nani haonekani ibadani. Kila jina linapewa mzee wa kwenda, na siku. Hata wale wasaidizi saba wa Matendo ya Mitume sura ya 6 walichaguliwa kwa sababu kuna wajane walisahauliwa kwenye mgao. Ujenzi unasubiri zamu yake. Mhazini alinuna kidogo, akazoea.