Gesi ya friji haiishi kama ya mtungi: kagua haya kwanza kabla hujaongeza

Dada mleta uzi, nimesoma maelezo yako yote. Friji la nofrosti (lile lisilojaza barafu ukutani) la milango miwili, juu linagandisha nyama vizuri, chini maziwa yanachacha siku ya pili, mota haipumziki usiku kucha, uniti za LUKU haziingii zikakaa. Fundi amekuja, amegusa gusa, kasema gesi imepungua na anataka aongeze. Mimi kazi yangu ni mafriji, nipo Tanga, nimeianza tangu enzi za gesi ya zamani ya R12. Kwa dalili ulizoandika, hela ya gesi usiitoe bado.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ni ile ile iliyotiwa kiwandani, na friji zima huweza kufika miaka ishirini nayo. Ikipungua ujue pametoboka mahali. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu lilipo anakuuzia baridi ya muda tu, kisha atarudi na utalipa tena. Na gesi ikipungua kweli, friza ndilo la kwanza kuonyesha: barafu inashika kipande kidogo pale gesi inapoingilia, sehemu nyingine zinabaki kavu. Lako linagandisha. Tatizo lako lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kwenye njia ya hewa.

Kwenye nofrosti, baridi yote inatengenezwa juu, nyuma ya ule ukuta wa plastiki ndani ya friza. Kuna feni pale inayoisukuma kushuka chini kupitia mfereji mdogo. Pia kuna hita ambayo huwaka kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha barafu iliyoshika kwenye koili, yaani mabomba yanayotengeneza baridi. Hita ikifa, au taima yake, au fyuzi yake ya joto, barafu inajengeka taratibu mpaka inaziba mfereji na wakati mwingine inaikamata feni yenyewe. Juu kunaendelea kuganda kwa sababu koili ipo pale pale, chini hakufiki kitu. Mota nayo haizimi kwa sababu kipimo cha joto cha chini hakijaridhika.

Kulijua hili hakuhitaji fundi. Toa kila kitu, chomoa plagi, acha milango yote miwili wazi siku nzima na usiku wake, weka matambara chini maana maji yatatoka. Usiweke jiko wala maji yanayochemka ndani kuharakisha, plastiki itapasuka. Kesho yake futa, funga, washa. Chini kukirudi kupoa vizuri kisha baada ya siku kadhaa kukafa tena, hapo umepata jibu: mfumo wa kuyeyusha barafu haufanyi kazi. Ukimwita fundi mwambie apime hita, taima na fyuzi ya joto kwa mita. Na kama hata baada ya kuyeyusha huisikii feni ikivuma mlango wa juu ukiwa umefungwa, aanze na feni. Vifaa hivyo vinabadilishwa bila kugusa mabomba ya gesi.

Ukishamaliza hilo, bado lipo la pili, na hili ndilo ninalolikuta nyumba nyingi kuliko lolote. Umesema friji umelibana kati ya kabati na ukuta, na jiko la gesi lipo jirani. Friji linachota joto kutoka ndani na kulitupa nje, kupitia ule wavu mweusi wa nyuma, au kwa mafriji mengi ya sasa kupitia mbavu zake, ndiyo maana ubavu huwa wa moto ukiugusa. Joto lisipopata pa kwenda, mota inafanya kazi saa ishirini na nne na bado haimalizi. Livute. Sentimita kumi nyuma, nafasi ya kupenya mkono kila upande, na juu lisibanwe na rafu. Jiko lihame au friji lihame. Usilifunike kitambaa kikubwa kinachoning'inia mpaka nyuma, hata kama kinapendeza.

Na huko nyuma pasafishe. Juzi juzi nililivuta friji la mama mmoja wa Ngamiani, wavu ulikuwa umevaa koti la vumbi lililochanganyika na mafuta ya kukaangia, huoni waya hata mmoja, na mende wamejaa kwenye sinia la maji juu ya kompresa, yaani ile mota yenyewe. Nilichomoa, nikapitisha brashi laini kuanzia juu kushuka, nikafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, sinia nikaliosha. Jioni ya siku ile mota ikaanza kupumzika. Sisi wa pwani hili tulifanye kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu vumbi letu lina chumvi, linashika unyevu na linaozesha mabomba. Ukiona kutu imeanza, ikwangue taratibu kwa msasa laini na upake rangi nyembamba mapema, kabla kutu haijafika ndani.

Mpira wa mlango: chukua noti, ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukazana, baridi inatokea hapo. Zunguka mlango mzima, hasa pembe ya chini upande wa bawaba. Kabla hujaukatia tamaa uoshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, ukiingia kwenye mikunjo. Juisi iliyokauka na ukungu mweusi vinatosha kabisa kuuzuia usishike. Palipopinda, pakande kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka palainike, nyoosha kwa vidole, funga mlango ukae usiku. Dawa kali ya madoa usiipake, inaukausha. Halafu nyanyua miguu ya mbele kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ukiuachia ujirudie wenyewe. Watoto hawafungi mlango, tunawajua.

Nyuzijoto: chini kunatakiwa kuwe 3 hadi 5, friza 18 chini ya sifuri. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, iweke rafu ya katikati usiku kucha, soma asubuhi. Ile swichi ya ndani yenye namba, namba kubwa ni baridi zaidi. Nakuta watu wameiweka 7 mwaka mzima na mota haipumziki, kumbe katikati inatosha.

Vyakula nitapita haraka. Sufuria la pilau lisiingie likifuka moshi, likalishe kwenye beseni la maji lipoe, lakini lisilale mezani zaidi ya saa mbili. Funika kila kitu, kwa sababu mvuke wa mchuzi ulio wazi ndio unaogeuka barafu. Rafu ya juu kabisa na ukuta wa nyuma usivibane kwa vyombo, hewa ipite. Kukiwa na maji chini ya droo za mboga, tazama ukuta wa nyuma kwa chini: kuna kitundu, kizibue kwa bomba laini na maji ya vuguvugu. Mwezi wa Ramadhani, kama friji linafunguliwa kila dakika kwa ajili ya juisi za kufuturu, weka jagi moja nje na barafu.

Kwa wengine wanaofuata uzi huu wenye mafriji ya kawaida yanayojaza barafu, na nyie akina mama mnaouza barafu za ukwaju na ubuyu: nawaombeni sana, kisu kisiingie kwenye friza. Vile vipakiti vinashikamana na sahani ya chini, mteja yupo mlangoni, mtu anachukua kisu anabandua. Ile sahani ni aluminiamu nyembamba na gesi inapita ndani yake. Utasikia "psss" ndogo tu, na hapo friji limekufa. Kuziba aluminiamu kunawezekana lakini kunashindikana mara nyingi, na kubadilisha sahani nzima ni gharama nzito. Tandika karatasi ya nailoni nene au trei chini ya vipakiti, na barafu ya ukutani ikifika nusu sentimita, zima uyeyushe. Barafu nene haisaidii baridi, inaizuia.

Umeme. Huu ndio unaoua kompresa nyingi kuliko uzee. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, mota inajaribu kuwaka wakati presha ya gesi bado haijashuka, inashindwa, utasikia "tik", kimya, kisha "tik" tena. Ikirudia sana inaungua. Umeme ukikatika chomoa, na ukirudi subiri dakika tano ndipo uchomeke. Huwi nyumbani muda wote, kwa hiyo nunua kile kifaa cha kulinda friji, friji gadi, kinachochelewesha umeme chenyewe. Ila kielewe: gadi inakata tu umeme ukizidi au ukipungua, haiupandishi. Kama mtaani kwenu jioni taa zinafifia, unahitaji stebilaiza yenye uwezo wa kubeba mota ya friji. Na friji lipate soketi yake ukutani, lisiunganishwe ekstensheni moja na pasi na birika.

Ukisikia hiyo "tik" wakati umeme ni mzima, usikubali haraka kwamba kompresa imeungua. Kuna rilei (inayoiwasha) na ovalodi (inayoikatia umeme ikizidiwa) pembeni yake, vitu vidogo vya bei nafuu. Rilei ikitolewa na kutikiswa ikalia kama ina vipande ndani, mara nyingi ndiyo mbovu.

Wa mafriji ya mtumba, kabla ya kununua soma kibandiko cha ndani. Tafuta herufi za hali ya hewa. N na SN yametengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, T 43. Jikoni kwa Dar au Tanga mwezi wa Februari N linateseka, hata likiwa zuri vipi. Hakikisha pia ni la volti 220 hadi 240, na kama limesafirishwa limelazwa, lisimamishe na ulipe muda mpaka kesho yake kabla ya kuliwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Kibandiko hicho hicho kina jina la gesi, na hili dada lishike hata kama hutamwita fundi leo. Mafriji ya karibuni mengi yana R600a. Inawaka moto. Fundi asianze kuchomelea bomba kabla hajaitoa yote na kufungua madirisha. Wala asitie R134a kwenye mfumo wa R600a kwa kuwa ndiyo aliyonayo kwenye mtungi: presha tofauti, mafuta ya kompresa tofauti, na kiasi cha R600a hupimwa kwa mizani kwa gramu chache, hakikisiwi kwa kushika bomba. Kazi ya gesi iliyokamilika ina kutafuta tundu, kuziba, kubadilisha filta, kuvuta hewa kwa pampu ya vakyumu, ndipo kujaza. Akiruka kimoja, mwambie aache.

Kuhusu LUKU, pima mwenyewe. Usiku zima kila kitu ubakishe friji, andika uniti zilizobaki kwenye mita, asubuhi soma tena. Linganisha na kibandiko: kikisema kWh 250 kwa mwaka, ni kama uniti 0.7 kwa siku nzima, kwa usiku wa saa kumi na mbili chukua nusu yake, na kwa joto letu ongeza kidogo. Fanya kabla ya kulivuta kutoka ukutani na kuyeyusha, ufanye na baada. Kwa mlio kwenye kundi la bei nafuu la uniti 75 kwa mwezi, friji linaloenda mfululizo linaweza kuwatoa humo.

Anza na kuyeyusha, dada. Likiwa wazi piga picha ule ukuta wa nyuma wa friza na kibandiko, ziweke hapa, na utuandikie siku chini kulikorudi kupoa na siku kulikokufa tena kama kutakufa. Nikiona modeli yake na gesi yake nitakuambia hita ya namna gani uulizie dukani kabla fundi hajakutajia bei.