Wali uliolala na baridi ya Moshi

Dada, umeuliza kama wali na maharage vilivyolala kwenye sufuria vinafaa kupashwa asubuhi kwa watoto, maana Moshi mwezi huu wa saba ni baridi. Hapana, tafadhali usiwape. Baridi yetu ya Julai haijafikia ya friji. Chakula kinataka nyuzi 4 au chini ya hapo, na jiko lililofungwa usiku, mkaa ukiwa bado na joto, haliwezi.

Wali ndio unaonitia hofu zaidi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka ukoko ushike. Wala usitegemee kunusa, wali unaweza kunukia vizuri kabisa.

Mkimaliza kula, usiufunike na joto lake. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, na ndani ya saa 2 uwe kwenye friji. Ule kesho yake; maharage yanavumilia siku 3. Wakati wa kupasha toa kiasi cha mlo huo tu, nyunyiza maji kidogo, funika, geuza mpaka mvuke utoke katikati. Maharage yatokote hasa. Kinachobaki hapo usikirudishe tena.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikifungwa inashika ubaridi kama saa 4. Na kama huna friji, mdogo wangu, pima mchele wa mlo mmoja.